Kompaila Inayojua Mengi na Kusema Machache

Haskell ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyobuniwa na kamati ya wanazuoni. Kamati hiyo iliundwa mwaka 1987 kwenye mkutano uliofanyika Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, na toleo la kwanza la lugha likatoka mwaka 1990. Jina lake ni la Haskell Curry, mwanamantiki wa Marekani aliyefariki mwaka 1982. Ni moja ya lugha zinazoitwa za kifanksheni, ambazo programu zake hujengwa kwa fanksheni za namna ya hisabati: fanksheni hupewa thamani na kutoa thamani, na ikipewa kitu kilekile mara mia hutoa jibu lilelile mara mia, bila kubadilisha chochote pembeni kimyakimya. Lugha za ukoo huu haziko mbali na maisha ya kila siku kama inavyodhaniwa. Seva za WhatsApp, zinazobeba salamu, risiti na mialiko ya harusi ya Afrika Mashariki nzima, zimejengwa kwa Erlang, ambayo ni ndugu wa Haskell. Haskell yenyewe ndiyo msingi wa mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Cardano, na Facebook iliitumia kujenga upya mfumo wake wa kupambana na ujumbe taka.

Pamoja na sifa hizo, wengi wanaoijaribu Haskell huiacha njiani, na si hisabati peke yake inayowakimbiza. Sehemu kubwa ya tatizo iko kwenye zana. Mwandishi wa programu hafanyi kazi na lugha tupu. Anahitaji kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo alioandika kuwa maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Anahitaji kihariri cha kuandikia, njia ya kupata maktaba zilizoandikwa na wengine, na namna ya kujua kwa nini programu imeleta jibu lisilo sahihi au imekula kumbukumbu yote ya kompyuta. Mawazo yanayotolewa mwaka baada ya mwaka kuhusu kuboresha zana za Haskell ni mengi, lakini yaliyo bora yana shina moja. Kompaila ya lugha hii inaijua programu kwa undani kuliko kompaila za lugha nyingi, na sehemu kubwa ya ujuzi huo haimfikii mwandishi, au humfikia akiwa ameshachelewa.

Ujuzi huo unatokana na mfumo wa aina. Kila thamani katika Haskell ina aina yake: namba kamili, neno, orodha ya maneno, fanksheni inayopokea neno na kutoa namba. Mwandishi halazimiki kuzitaja zote. Kwa kufuata njia ambayo Robin Milner wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliiweka wazi katika miaka ya 1970, kompaila hukokotoa aina za sehemu zote za programu kwa kuangalia jinsi zinavyotumiana. Ikikuta mahali fulani panapotakiwa namba pamewekwa neno, huikataa programu kabla haijaendeshwa hata mara moja. Maana yake ni kwamba wakati kompaila inapotoa kosa, tayari imeshafanya upelelezi wa programu nzima. Kilichobaki ni namna itakavyousimulia upelelezi huo.

Hapo ndipo pa kutazama kwa karibu. Tuseme mwanafunzi ameandika `5 + "kumi"`, akitaka kujumlisha namba na neno. Jicho la mtu yeyote linaona kosa mara moja. GHC, kompaila kuu ya Haskell iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Glasgow, hujibu kwamba haikupata tamko linaloiingiza aina ya String katika kundi la Num, na kwamba haja ya tamko hilo imeletwa na alama ya kujumlisha. Jibu hilo ni sahihi kabisa. Katika Haskell, 5 iliyoandikwa kwenye msimbo haijafungwa kwenye aina moja; inaweza kuwa namba kamili, namba ya desimali, au kitu chochote kilichosajiliwa katika kundi la Num. Kwa hiyo kompaila huuliza kwanza kama kuna mtu aliyewahi kusajili maneno kuwa namba, na inapomkosa ndipo hulalamika. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hajasikia lolote kuhusu makundi hayo. Anachoelewa ni kwamba kuna tamko limekosekana, na matoleo ya zamani ya GHC yalimpoteza zaidi kwa kumpendekezea aliongeze.

Elm, lugha ya kifanksheni iliyoanzishwa na Evan Czaplicki mwaka 2012 kwa ajili ya kurasa za wavuti, hulikabili kosa hilohilo kwa namna nyingine. Kompaila yake husema kwa nafsi ya kwanza kwamba haiwezi kujumlisha thamani ya aina ya String, hueleza kwamba alama hiyo hufanya kazi kwa namba tu, kisha humkumbusha mwandishi alama ya kuunganishia maneno, endapo ndicho alichokusudia. Tangu mwaka 2015 Elm iliufanya ujumbe wa kosa kuwa kazi kamili ya usanifu, yenye kupimwa na kuandikwa upya kama sehemu nyingine yoyote ya lugha, na waundaji wa lugha ya Rust walichota humo waziwazi walipotengeneza upya ujumbe wa kompaila yao. Haki itendeke hata hivyo: Elm ni lugha ndogo isiyo na makundi ya wazi ambayo kila mwandishi anaweza kuyapanua, kwa hiyo kompaila yake ina maelezo machache ya kuchagua. Haskell imechagua uwezo mpana, na uwezo huo hauna budi kulipiwa. Swali ni nani alipe, mwanafunzi wa wiki ya kwanza au kompaila.

Kuna ugumu mwingine usiotatulika kwa lugha tamu. Kompaila hugundua mgongano pale ambapo aina mbili zimeshindwa kupatana, na pengine pale sipo kosa lilipotendeka. Mwandishi anaweza kukosea kwenye mstari wa 12, kompaila ikakubali, ikachukua kosa hilo kuwa ushahidi, halafu ikaulaumu mstari wa 40 usio na hatia. Mtafiti Mitchell Wand alilieleza tatizo hili mwaka 1986, akapendekeza kompaila itunze kumbukumbu ya sababu zilizoifanya iamini kila aina, ili mgongano ukitokea iweze kuonyesha safari nzima. Wazo hilo linafaa hadi leo. Ujumbe wa GHC hutaja aina iliyotarajiwa na aina iliyopatikana, lakini hausemi kwa kawaida nani aliyetarajia na kwa nini. Msomaji akionyeshwa sehemu zote mbili za msimbo, ile iliyosema «hiki ni neno» na ile iliyosema «hiki ni namba», ataamua mwenyewe ipi imekosea. Kompaila haiwezi kumwamulia, kwa kuwa haijui alikusudia nini.

Hatua kubwa ya miaka ya karibuni ilifanyika ndani kabisa, mahali ambapo mtumiaji hapaoni. Kwa muda mrefu ujumbe wa GHC ulikuwa maandishi yaliyoungwaungwa hapo hapo kosa lilipotokea. Kihariri kilichotaka kumsaidia mwandishi kililazimika kuyasoma maandishi hayo na kubahatisha maana yake, na neno moja likibadilika katika toleo jipya, msaada ulikatika. Watunzaji wa GHC wakaanza kuyageuza makosa kuwa data iliyopangwa: aina ya kosa, mahali lilipo, vitu vinavyohusika, mapendekezo ya kurekebisha. Maandishi hutengenezwa mwishoni tu. Kuanzia GHC 9.6 ya mwaka 2023, makosa na maonyo hubeba namba ya utambulisho. Kosa la kujumlisha neno lililotajwa juu ni GHC-39999, na kutolingana kwa aina ni GHC-83865. Namba hizo zimeelezwa katika faharasa ya mtandaoni inayoandikwa na watu wanaojitolea, chini ya taasisi ya Haskell Foundation iliyoanzishwa mwaka 2020. Humo kosa hupewa maelezo marefu na mifano ya msimbo ulioharibika na uliorekebishwa.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wasomaji wa Kiswahili. Kosa likishakuwa data, lugha ya kulisimulia si lazima iwe moja. Vijana wengi wa Afrika Mashariki hupambana na vitu viwili kwa pamoja wanapojifunza programu, kosa lenyewe na Kiingereza kilicholibeba. Mwaka 2019 mafunzo ya Haskell yalifanyika Addis Ababa kwa wanawake wa Ethiopia na Uganda, watu ambao lugha za nyumbani kwao hazisikiki kinywani mwa GHC. Faharasa yenye namba inaweza kutafsiriwa ukurasa mmoja mmoja, ikianza na makosa kumi yanayowapata wanaoanza, bila kugusa kompaila yenyewe. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa nadharia ya aina. Inahitaji mwalimu mzuri anayeijua lugha ya wanafunzi wake.

Kompaila inaweza pia kusaidia kabla kosa halijatendeka. Tangu GHC 7.8 ya mwaka 2014, mwandishi anaweza kuacha pengo katikati ya programu kwa kuandika alama ya mstari wa chini mahali asipojua aweke nini. Kompaila humjibu kwamba pengo linahitaji kitu cha aina fulani, na kwamba vitu vilivyopo karibu ni hivi na hivi. Baadaye iliongezewa uwezo wa kupendekeza fanksheni zinazoingia katika pengo bila kuvunja programu. Wazo lilitoka kwa lugha kama Agda, ambako programu huandikwa kwa mazungumzo kati ya mtu na mashine, pengo baada ya pengo. Katika Haskell mapendekezo hayo bado ni ghafi, kwani pengo linalohitaji fanksheni ya kutoka namba kwenda namba huweza kuletewa orodha ndefu isiyopangwa kwa umuhimu. Kuyapanga kwa kuangalia waandishi wengine hutumia nini mahali kama hapo kungeibadilisha kabisa faida yake. Hoogle, injini ya kutafutia iliyoanzishwa na Neil Mitchell, imeonyesha njia. Humo mtu hutafuta fanksheni kwa kuandika aina yake badala ya jina, na hupata majina asiyoyajua.

Yote hayo yana thamani ndogo yakikaa kwenye dirisha jeusi la amri. Mahali pa kuyatumia ni kwenye kihariri, msimbo unapoandikwa. Zamani kila kihariri kilihitaji kiungo chake kwa kila lugha, kazi isiyo na mwisho kwa jamii ndogo. Mwaka 2016 Microsoft ilitangaza itifaki ya pamoja: lugha huandikiwa seva moja ya msaada, na kihariri chochote kinachoijua itifaki kinaweza kuongea nayo. Jamii ya Haskell ilikuwa na miradi miwili iliyoshindana, ikaiunganisha mwaka 2020 kuwa Haskell Language Server. Uamuzi huo pengine ndio uliosaidia wanaoanza kuliko mwingine wowote wa kipindi hicho, na ulihitaji unyenyekevu, maana pande zote mbili zilikuwa na kazi ya miaka ya kuacha. Sasa aina ya kila jina huonekana kwa kuliwekea kishale, na kosa hupigiwa mstari papo hapo.

Udhaifu uliobaki ni kwamba seva hiyo lazima iwe imejengwa kwa toleo lilelile la GHC ambalo mradi unalitumia, kwa sababu inabeba kompaila ndani yake. GHC hutoa matoleo mara kwa mara na kubadilisha viungo vyake vya ndani, na kila mara viongezi vya seva hurekebishwa upya. Mtu aliyesakinisha toleo jipya kabisa anaweza kukuta kihariri chake kimenyamaza bila maelezo. Dawa inayozungumzwa zaidi ni GHC kuwa na mlango rasmi usiobadilikabadilika ambao zana zote zitapitia. Dawa nyepesi, inayoweza kuwekwa mara moja, ni zana kueleza waziwazi kwamba matoleo hayalingani na kutaja lipi lisakinishwe.

Usakinishaji wenyewe umepona kwa kiasi kikubwa. Kulikuwa na wakati ambapo kuongeza maktaba moja kuliweza kuvunja nyingine zilizokuwa zikifanya kazi jana yake, kwa kuwa zote zilichangia hifadhi moja. Zana ya kujengea miradi iitwayo Stack, iliyotoka mwaka 2015, iliegemea seti za maktaba zilizojaribiwa pamoja, na Cabal, zana nyingine ya kazi hiyohiyo, ikajifunza kuutenga kila mradi na mwingine. GHCup huleta kompaila na zana zake kwa amri moja. Kinachosumbua sasa ni kwamba mgeni hukutana na Cabal na Stack kwa pamoja, na haambiwi mapema achague ipi.

Sehemu ngumu kuliko zote huanza programu ikishakubaliwa na kompaila. Haskell huahirisha hesabu. Ikiambiwa jumla fulani ni a na b, haijumlishi; huweka kumbukumbu kwamba jumla hiyo itafanywa endapo kuna atakayeihitaji. Tabia hii humwezesha mwandishi kueleza orodha zisizo na mwisho na kutumia sehemu anayoitaka tu. Lakini inafanana na duka la mtaani linaloandika kila mauzo kwenye daftari la madeni: biashara inakwenda, bidhaa zinatoka, na siku ya kudai daftari ni nene kuliko mwenye duka alivyofikiri. Ukiiagiza fanksheni ya `foldl` ijumlishe namba 1 hadi 1,000,000, inaweza kuanza kwa kujenga mnyororo wa ahadi milioni moja za kujumlisha, zote zikikaa kwenye kumbukumbu, kabla ya kutoa jibu moja. Kompaila ikiwashiwa uboreshaji mara nyingi huligundua hilo na kujumlisha njiani. Mara nyingine haigundui, na mwandishi hana ishara ya kumwonyesha ni lipi limetokea.

Njia ya kuchora matumizi ya kumbukumbu ilibuniwa mapema, na Colin Runciman na David Wakeling wa Chuo Kikuu cha York waliieleza mwaka 1993. Kikwazo chake kilikuwa kwamba programu na maktaba zake zote zilipaswa kujengwa upya kwa namna maalumu, na programu hiyo ya majaribio haikuwa na tabia ileile ya programu halisi. GHC 9.2 ya mwaka 2021 ilileta njia ya kuhusisha kila ahadi iliyokaa kwenye kumbukumbu na mstari wa msimbo ulioizaa, bila kubadilisha uendeshaji wa programu. Hiki ndicho kipande cha ujuzi kilichokosekana kwa miaka mingi. Kinachofuata ni kukileta ndani ya kihariri, ili mwandishi auone pembeni mwa mstari wa 57 uzito ambao mstari huo uliubeba programu ilipoendeshwa mara ya mwisho. Upande wa maktaba za msingi nao umesogea. Mwaka 2024 `foldl'`, inayojumlisha njiani bila kuahirisha, iliingizwa kwenye orodha ya fanksheni zinazopatikana bila kuagizwa.

Kufuatilia jibu lisilo sahihi ni shida ya aina yake. Kwa miaka mingi programu iliyoomba kitu cha kwanza kwenye orodha tupu ilikufa na ujumbe wa maneno machache usiotaja hata faili. Mahali pa mwito palianza kutajwa katika GHC 9.4. Kupitia programu hatua kwa hatua, kama inavyofanyika katika lugha nyingine, hakusaidii sana, kwa kuwa hesabu iliyoahirishwa hufanyika pale inapodaiwa na mfuatiliaji hujikuta akirukaruka kutoka faili moja hadi nyingine.

Hata hivyo usafi wa fanksheni unafungua njia ambayo lugha nyingine haziipati kwa urahisi. Mtafiti Ehud Shapiro aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mradi wa Hat uliokua York uliileta kwenye Haskell. Programu ikitoa malipo ya kibarua kuwa shilingi 27,500 badala ya 26,000, zana huanza kuuliza. Je, `msingi 8` kuwa 20,000 ni sawa? Mwandishi anajibu ndiyo. Je, `ziada 3` kuwa 7,500 ni sawa? Hapana, saa tatu za ziada kwa shilingi 2,000 ni 6,000. Je, ndani ya `ziada`, `kiwango` kuwa 2,500 ni sawa? Hapana tena. Fanksheni ya `kiwango` haiiti fanksheni nyingine, basi kasoro imo humo. Kwa kuwa fanksheni haina siri pembeni, jibu lake linaweza kuhukumiwa peke yake, na maswali matatu yanatosha mahali ambapo kuchapisha thamani na kukisia kungekula mchana mzima. Hat ilijengwa kwa ajili ya toleo la lugha liitwalo Haskell 98, na programu nyingi za leo hutumia nyongeza za GHC ambazo haizijui. Kuijenga upya njia hiyo ndani ya GHC yenyewe, ili isiachwe nyuma tena, ni kazi inayostahili kutangulia nyingi nyingine zilizotajwa hapa. QuickCheck ya Koen Claessen na John Hughes, iliyotoka mwaka 2000, ni ushahidi wa kinachowezekana zana inapoegemea usafi huo: hujaribu fanksheni kwa data ya kubahatisha, na lugha nyingi zisizo za kifanksheni zimeiiga.

Mpangilio wa kazi hizi haupaswi kutegemea nani amepiga kelele zaidi. Chuo Kikuu cha Utrecht nchini Uholanzi kilitengeneza Helium, kompaila ya Haskell kwa ajili ya wanafunzi, iliyoelezwa mwaka 2003, na ikawekewa uwezo wa kuhifadhi programu ambazo wanafunzi waliipa. Walimu waliweza kuona makosa yaliyorudiwa, na kama jaribio lililofuata baada ya ujumbe fulani lilimsogeza mwanafunzi mbele au lilimzidishia makosa. Wataalamu waliokwishaizoea lugha hawawezi kukumbuka walikwama wapi, kwa hiyo kumbukumbu za namna hiyo huonyesha kitu ambacho majadiliano yao hayawezi kukitoa. Zana za leo zinaweza kukusanya kumbukumbu kama hizo kwa ridhaa ya mtumiaji, zikihifadhi namba ya kosa, toleo la kompaila na muda uliopita hadi kosa lilipoondoka, bila kuchukua msimbo wenyewe. Kwa namba za utambulisho zilizopo tangu GHC 9.6, takwimu hizo zinaweza kulinganishwa toleo kwa toleo, na ujumbe ulioandikwa upya ukapimwa kama umepunguza muda huo au la.